Saba Juu ya Kumi

Jumatatu, 5 Mei

Kalamu za ubao zimeviringika tena. Naziweka katikati ya meza, nageuka kuandika, nasikia zinadondoka kona ileile ya dirishani. Nimekunja karatasi nikaitia chini ya mguu wa meza. Fundi aliyeitengeneza alikuwa na haraka zake.

Wanafunzi kumi na moja leo. Wote wa Kariakoo, mitaa tofauti. Saa moja asubuhi hadi saa mbili na nusu, kabla maduka hayajachangamka. Wanataka Kiingereza cha wateja wa Zambia na Malawi, basi. Mama Nuru ndiye pekee mwenye fremu ya duka humuhumu jengoni, chini kabisa, anauza madera. Siku ya kwanza aliniambia sarufi nimwachie mwanawe wa sekondari, yeye nimpe maneno ya kumzuia mteja asiondoke. Nikamwambia bila sarufi mteja atadhani anafukuzwa.

Nimechoka na mazoezi ya kujaza nafasi. Leo nimeanzisha hadithi ya kupokezana. Karatasi moja. Naanza mimi kwa sentensi moja ya wakati uliopita, karatasi inazunguka, kila mtu anaongeza ya kwake kisha anakunja, anayefuata anaona sentensi moja tu ya mwisho. Bila majina. Watu wazima wanaogopa kuchekwa kuliko wanavyoogopa mgambo. Mwishoni nafungua, nasoma yote kwa sauti, nasahihisha kwa kalamu nyekundu, kila sentensi na alama yake.

Nilianza: Bi Asha alipanga chumba kwenye jengo la ghorofa nne. (Humu naandika kwa Kiswahili. Kiingereza chao nisingependa kukiona mara mbili kwa siku moja.) Bi Asha akapika wali. Akanunua kasuku. Kasuku akamtukana mwenye nyumba. Kisha hii: Usiku watu walichimba chini ya jengo. Aliyefuata akaandika wakapata dhahabu. Mama Nuru, sihitaji kuambiwa kwamba ni yeye, akaandika wakapata jini, na jini alitaka mke wa pili. Watu walicheka mpaka wa ghorofa ya juu wakagonga sakafu.

Ile ya kuchimba ilikuwa na kosa la kitenzi. Nimeipa sita juu ya kumi.

Nimefurahi. Muda mrefu sijatoka darasani nikiwa na furaha.

Jumatano, 7 Mei

Mvua tangu alfajiri. Kutoka Buguruni nimetembea na viatu mkononi.

Mlango wa darasa umekwama. Nimeusukuma kwa bega, nikamwita Chande anisaidie. Chande ni kibarua, mtu wa Newala, umri wake arobaini na ushee. Kila asubuhi ananipa shikamoo kwa sauti ya chini, anakaa karibu na mlango, saruji imejaa kwenye kucha. Hasemi. Ila anaandika: herufi kubwa tupu, na kalamu anaibonyeza mpaka karatasi inatoboka.

Alipoufungua mlango alisimama akaitazama fremu yake kwa juu, muda mrefu. Nikamwambia mvua imezivimbisha mbao. Akasema ndiyo mwalimu.

Hadithi imeendelea. Jini kaoa. Kasuku kahamia kwa jini. Kisha kwa herufi kubwa: Nguzo ya tatu waliipunguza ili stoo iwe pana. Sentensi ndefu, yenye sababu ndani yake, na kitenzi safari hii kimekaa sawa. Kosa moja tu la tahajia na moja la kituo. Saba juu ya kumi. Nimemsifu mbele ya wenzake bila kumtaja. Nimesema: huyu ameanza kufikiri kwa Kiingereza.

Hakuinua macho.

Ijumaa, 9 Mei

Sentensi ya herufi kubwa leo: Maji yaliingia shimoni na mkubwa akasema nyamazeni. Nzuri. Saba tena. Ningempa nane, ila ametumia kiunganishi kimoja kwa kazi mbili.

Baada ya kipindi nimebandika karatasi zote tatu ukutani, kwenye ngazi, gazeti la ukutani kama nilivyokuwa nikifanya shuleni kabla sijastaafu mapema. Watu wanapanda wanasoma, wanacheka. Nilijiona mtu.

Mbaraka akapita. Ni msimamizi wa jengo, kijana wa miaka thelathini na kitu, amesoma, anavaa saa kubwa. Mwenye jengo mwenyewe sijamwona hata siku moja. Mbaraka alisoma karatasi zote tatu, taratibu, hakucheka hata kwa kasuku. Akauliza nani anaandika hizi. Nikasema hazina majina, ndiyo mchezo wenyewe.

Angeishia hapo ningekuwa salama. Lakini akasema, kwa hiyo hata wewe mwalimu hujui. Nikapandwa na kiburi. Nikamwambia mtu aliyeshika kalamu nyekundu miaka ishirini na tano anajua hati ya kila mwanafunzi hata akiandika kwa mguu. Nikamwonyesha. Huyu mwenye herufi za maua ni Mama Nuru. Huyu wa herufi kubwa ni Chande.

Akashukuru. Akasema darasa langu zuri sana.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeleta fundi, kaupiga randa mlango. Kasema alishaupiga randa mwezi wa tatu, mlango gani unavimba hivyo.

Karatasi mbili hazipo ukutani. Imebaki ya kwanza tu. Pini zimeachwa vizuri, zimepangwa.

Jumatatu, 12 Mei

Chande hakuja. Hajawahi kukosa.

Kazi ya leo haikunoga. Mama Nuru alimuua jini kwa sababu alikuwa amenuna.

Mvua.

Jumatano, 14 Mei

Chande hakuja. Nimemuuliza Mama Nuru, maana yeye anajua habari za jengo zima. Kasema vibarua wa zamani wameondolewa wote Jumamosi, wameletwa wengine, wanashuka na sururu jioni wakati yeye anafunga. Nikauliza wanafanya nini. Andagraundi, mwalimu, kasema. Kila jengo siku hizi lina andagraundi. Chini wanapata fremu kumi na mbili mpya, na yeye kaahidiwa ya kwanza karibu na ngazi.

Nilirudi juu. Nilisogeza ubao nifute vumbi. Nyuma yake kuna ufa. Unaanzia kona ya dirisha, ileile kona zinakodondokea kalamu, unashuka mpaka sakafuni. Kidole changu kidogo kinaingia.

Nikatoa karatasi chini ya mguu wa meza. Nikaiweka meza upande mwingine wa chumba. Kalamu zikaviringika kuelekea kona ileile.

Meza haina kosa. Nimekaa kwenye kiti cha mwanafunzi nusu saa nzima, nimeshika kalamu nyekundu kama mjinga.

Alhamisi, 15 Mei

Nimempata Chande. Kumbe si mbali na kwangu, Buguruni, nyuma ya magereji, chumba cha watu wanne. Nimeuliza kwa mafundi watatu mpaka nikaelekezwa. Alikuwa amekaa kwenye ndoo nje. Jicho la kushoto limevimba. Alinyanyuka, akanipa shikamoo.

Nikaitika marahaba.

Alinieleza polepole. Wanachimba tangu mwezi wa pili. Nguzo za nyuma wamezichonga, ya tatu imebaki kama nusu, nondo zinaonekana. Mvua ilipoanza, maji yakasimama shimoni, wakawa wanayatoa kwa ndoo. Vibarua waliambiwa atakayewaambia wapangaji hatapata kazi Kariakoo nzima. Jumamosi walimwita ofisini, wakamwekea karatasi zake mezani. Wakamuuliza nani alimfundisha kuandika hivi. Kisha vijana wawili wakamsindikiza mpaka nje.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mdomoni. Nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, kama namuuliza mtoto kwa nini hakuleta daftari.

Akasema, "Mwalimu, nilikuambia mara tatu. Mara ya kwanza ukanipa sita, mara ya pili na ya tatu ukanipa saba."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana imeingia.

Sijamwambia aliyetaja jina lake ni mimi. Nadhani anajua.

Ijumaa, 16 Mei

Sikufundisha. Niliwasimamisha wanafunzi nje, upande wa pili wa barabara, nikawaeleza yote kwa Kiswahili. Wengine walitazama jengo, wengine walinitazama mimi. Mmoja akauliza kama hii ndiyo hadithi ya leo.

Nikashuka kwa Mama Nuru. Nyuma ya fremu yake wamepiga ukuta wa mbao. Niliweka sikio. Maji yanadondoka, kwa mwendo uleule. Nikamwambia afunge leo, abebe anachoweza.

Alikasirika. Kasema mzigo wake unashuka Jumatano, madera ya mwezi mzima, na Wazambia wameshafika. Akifunga wiki moja wanahamia kwa mwingine, hawarudi. Kasema kama ni nyufa, hakuna jengo Kariakoo lisilo na nyufa. Kisha akanipiga pale panapouma: "Ulisomea Kiingereza, mwalimu wangu. Hukusomea ujenzi."

Kweli.

Mbaraka alinikuta ngazini. Shikamoo yake ilikuwa na adabu zote. Kasema kuna mtu anakitaka chumba changu na yuko tayari hata kesho. Kile chumba nilikingoja miaka mitatu. Bila chumba sina darasa, bila darasa sina kazi. Akasema, "Hadithi zenu nzuri, mwalimu. Zibaki hadithi."

Niliogopa. Naandika hapa wazi kwa sababu mbele yake nilijifanya sikuogopa. Nilikwenda ofisi inayohusika na majengo. Karani alinisikiliza, akasema niandike barua, nitaje nguzo ya ngapi na nani kaiona. Nikasema jina la aliyeiona sitalitaja. Akaweka kalamu chini.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeandika barua. Rasimu nne. Kila nikiisoma najikuta narekebisha vituo. Nimeichana ya tatu kwa sababu ilikuwa nzuri mno, haikuwa na haraka.

Nimeipeleka. Ofisi imefungwa, leo Jumamosi. Nimeipenyeza chini ya mlango.

Jumapili, 18 Mei

Mvua mchana kutwa. Naisikia juu ya bati nafikiria lile shimo.

Jumatatu, 19 Mei

Darasa Mnazi Mmoja, kwenye nyasi, karibu na uzio. Wamekuja wanane. Ubao nimeuacha kule, nimetumia kadibodi. Wapita njia wanasimama kutuangalia, wengine wanajibu maswali kabla ya wanafunzi.

Mama Nuru hakuja. Baadaye nilipita mbele ya jengo kwa mbali. Limesimama. Watu wanaingia na kutoka, limepigwa rangi mpya chini, kijani. Mama Nuru aliniona, akanipungia dera hewani, akacheka, akawaonyesha jirani zake.

Niliona aibu kwamba jengo limesimama. Nimefika nyumbani nikaifikiria tena hiyo sentensi nikajichukia.

Barua wameipata. Wameniambia iko kwa mkubwa.

Jumanne, 20 Mei

Nimekwenda kuchukua ubao. Mlango haukufunguka kabisa, hata Mbaraka mwenyewe alishindwa. Alijaribu mara tatu, bega, kisha teke. Nilimtazama usoni. Na yeye aliogopa, nimeona. Akasema atamleta fundi wa milango. Nikamwambia aniletee wa majengo.

Karatasi ya kwanza ilikuwa bado ukutani. Nimeibandua, nimeitia kwenye mkoba.

Mama Nuru kaninunulia chai ya tangawizi kama njia ya kusameheana. Nimemsihi tena. Nimemshika mkono. Kasema sawa, mzigo ukishashuka kesho na Wazambia wakichukua chao, Alhamisi atafunga siku mbili, ili roho yangu itulie. Aliapa kwa jina la mwanawe.

Alhamisi basi. Kesho kutwa tu.

Jumatano, 21 Mei

Tulikuwa Mnazi Mmoja. Nilikuwa nawagawia karatasi wakusanye maswali ya Ijumaa. Saa tatu kasoro, tumepitiliza muda.

Kwanza honi zote zikanyamaza. Au nadhani zilinyamaza. Kisha mshindo, chini, ardhini, tuliusikia kwa makalio kabla ya masikio. Kisha vumbi juu ya mapaa, la kijivu, likipanda polepole.

Hakuna aliyeuliza ni jengo gani.

Siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 22 Mei

Ulishuka upande wa nyuma. Mbele limebaki limesimama na rangi yake ya kijani. Darasa langu linaonekana kutoka mtaa wa nyuma, nusu ya chumba, meza imening'inia.

Wapo waliokufa. Idadi siiandiki, redio inaitaja kila saa na kila saa inabadilika.

Jana Chande alikuja akikimbia kutoka Buguruni kwa miguu. Waokoaji hawakujua kuna shimo. Walikuwa wanatafuta juu. Mbaraka simu yake imezimwa. Chande akasema yeye anajua, lakini hakuna aliyemsikiliza, mtu mwenye jicho lililovilia damu na kandambili. Nikampasulia njia. Nilitumia sauti ya darasani, ile ya kuwanyamazisha vijana arobaini. Nikasema huyu ndiye amechimba, msikilizeni huyu.

Walitaka mchoro. Nikatafuta karatasi kwenye mkoba. Iliyokuwepo ni ile ya kwanza, ya kasuku. Akaigeuza akachora nyuma yake: ngazi, shimo, nguzo nne, ukuta wa mbao wa Mama Nuru. Mistari mizito, imetoboa karatasi. Wakaanza kuchimba alipoonyesha.

Mama Nuru alitolewa saa kumi jioni. Alikuwa amekaa chini ya ngazi, mzigo wa madera ulikuwa umemkinga. Mkono wa kulia ulikuwa umebanwa.

Chande hakutoka pale mpaka leo adhuhuri. Nilimletea maji na chapati. Nikamwambia. Nilisema ni mimi niliyemwonyesha Mbaraka hati yako, nilijigamba tu, hakuna aliyenilazimisha. Alimaliza kutafuna. Akasema alishajua tangu Jumamosi ile, maana kwenye karatasi hakukuwa na jina lake popote.

Kisha akarudi kwenye kifusi. Sijui kama nimesamehewa.

Jumapili, 25 Mei

Nimekwenda hospitali, Upanga, saa ya kuona wagonjwa. Mvua imekatika. Nimechukua bajaji kwa sababu miguu inauma.

Mama Nuru yuko kitanda cha dirishani. Mkono wa kulia wameukata chini ya kiwiko. Mwanawe alikuwa akimchana nywele. Amepungua sauti, si mtu wa kunyamaza yule. Kaniuliza darasa liko wapi siku hizi. Nikasema Mnazi Mmoja, kesho saa moja, na Chande kaahidi kuja. Kasema huyo sasa atatusumbua na nguzo zake. Tulicheka kidogo, kisha tukaacha.

Nilikuwa na ile karatasi. Wameirudisha, ina matope na alama ya kiatu. Kaiomba aione. Akaigeuza mbele na nyuma kwa mkono wa kushoto, akasema chini kabisa imebaki nafasi ya sentensi moja, na zamu ni yake kwa sababu amekosa vipindi viwili.

Akaitunga kichwani muda mrefu, macho darini. Akaisema kwa Kiingereza, nikaandika: Bi Asha alisikia, lakini mzigo wake ulikuwa unashuka.

Kulikuwa na kosa. Nimeliandika hivyohivyo, kwa kalamu ya bluu.

Akauliza nimempa ngapi. Nikamwambia siku hizi sitoi alama. Akasema basi nimsomee, siku ile alikuwa akicheka hakuisikia yote. Nikavuta kiti. Nikasoma tangu mwanzo, chumba, wali, kasuku na matusi yake. Nilipofika kwenye sentensi ya Chande na sita yake nyekundu pembeni, nilisoma taratibu. Mwanawe aliacha kuchana nywele akasikiliza. Nikaendelea mpaka mwisho, na Mama Nuru akasema tena, nikaanza tena, mpaka muuguzi akaja kutuambia muda umekwisha.